Kona Aliyoinyamazia

Bwana Mandhari alichelewa, na alipofika hakushuka. Alipiga honi mbele ya kituo cha polisi kama mtu aliyekuja kumchukua hawara, akateremsha kioo na kumtabasamia askari wa getini.

Inspekta alimtazama kutoka dirisha la juu. Gari jeupe, limeoshwa, rimu zinameta. Mkewe hajulikani alipo, wiki ya pili hii, na bwana amepata nafasi ya kung'arisha rimu.

"Umemwona?" alisema Mkuu wa Kituo kutoka nyuma ya meza, amekaa vile alivyokaa tangu apandishwe cheo, yaani bila mpango wa kusimama. "Ameitwa, amekuja. Mtu mstaarabu. Mke wangu halali mpaka aangalie video zake za mandhari mtandaoni."

"Pole yake."

"Ya nani?"

"Ya mkeo, Mkuu. Usingizi ni kitu cha maana."

Mkuu hakujua acheke au akasirike, kwa hiyo akakohoa. "Sikiliza. Mwanamke ni mtu mzima. Ameshuka njia panda na mkoba wake, amekwenda anakokujua. Dereva wa lori kamwona."

"Dereva wa lori kamwona muuguzi anakwenda likizo. Nimempata huyo muuguzi, nimeongea naye, mpaka ule mkoba nimeushika kwa mkono wangu."

"Basi kila mwenye mkoba ni muuguzi?"

"Nipe wazamiaji, Mkuu."

"Wazamiaji!" Mkuu alilitamka neno hilo kama ameombwa ndege. "Ziwa unaliona lilivyo refu? Waanzie wapi, waishie wapi? Nionyeshe mahali. Uniambie ni hapa, pana sababu hii. Hapo nitawatoa. Bila hivyo wako kambini wanacheza karata na wataendelea kucheza. Na leo ukirudi mikono mitupu, jalada hili ninalifunga mwenyewe. Nimechoka na huyo bibi kwenye benchi langu."

Huyo bibi kwenye benchi lake alikuwa mama mzazi wa mwanamke aliyepotea. Alikuja kila asubuhi, akaketi ukumbini chini ya tangazo la kukataza kutema mate, mfuko wa nailoni mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na sweta ya bluu. Siku ya kwanza askari walimwuliza ni ya nini. Akawajibu kwamba kule ziwani kuna baridi na mwanawe tangu utotoni hana akili ya kubeba nguo nzito, sasa akipatikana atavaa nini? Tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza tena.

"Leo tunakwenda wapi, mwanangu?" alimwuliza Inspekta aliposhuka ngazi.

"Kutembea, mama. Mkweo anatupeleka kuona ziwa."

"Ziwa nimelisikia. Mwanangu je?"

"Ndiyo tunamtafuta."

"Watu wanasema kanitia aibu. Kamkimbia mume, kafuata bwana mwingine. Jirani yangu kaja kunipa pole huku anacheka." Alijifunga kitambaa kichwani upya, kwa hasira. "Akiwa hai nitamchapa. Akiwa si hai nataka kujua. Lakini hivi hivi siwezi. Nitakuwa namngoja mpaka lini?"

Inspekta hakupenda kudanganya watu wazima. Alimshika mkono, wakatoka.

Kituoni pale Inspekta aliitwa Bi Sarufi, nyuma ya mgongo wake na siku hizi hata mbele. Sababu ilikuwa kalamu nyekundu. Hakuna ripoti ya askari iliyopita mezani kwake bila kuvuja damu: "gari imegonga" akaandika *limegonga*, "kisu imepatikana" akaandika *kimepatikana*. Vijana walinung'unika kwamba marehemu hafufuki kwa sababu kisu kimepatikana badala ya imepatikana. Yeye aliwajibu kwamba askari asiyejua anaongelea kitu gani hana haja ya kukitafuta.

Inspekta alikaa mbele, kushoto. Mama akawekwa nyuma. Gari lilinukia marashi mpaka koo likawasha.

"Karibuni, karibuni," alisema Bwana Mandhari. Alikuwa na skafu shingoni na miwani ya jua, na sauti ile ile ya kwenye video, laini, ya kumbembeleza mtu anunue kiwanja. "Dada yangu Inspekta, mimi ningependa twende alfajiri. Mwanga wa alfajiri ndio wenyewe. Saa hizi jua liko utosini, picha zinakuwa bapa."

"Mimi si dada yako, na sikuja kupiga picha. Nataka njia ile ile uliyopita siku ile. Ulipoongea, uongee. Uliposimama, usimame."

"Sikusimama popote."

"Basi usisimame popote."

"Mama, umefunga mkanda?" Aligeuka kwa upendo wote wa duniani.

"Mkanda gani? Hii gari yako sijaizoea."

"*Gari lako*, mama. Hili gari. Si *hii gari yako*." Alicheka kidogo, akamtazama Inspekta pembeni kama msomi anayemtafuta msomi mwenzake. "Lugha yetu tunaiua wenyewe."

Inspekta alitazama mbele. Lililomuudhi ni kwamba mtu yule alikuwa sahihi.

Maelezo yake yalikuwa mafupi na safi, na Inspekta aliyajua kwa kichwa. Siku ile walitoka nyumbani pamoja. Mke alitaka kwenda kumsalimia mama yake. Akamshusha njia panda, akiwa na mkoba mdogo tu wa mkononi. Akambusu, akamwacha. Kwa upweke akaamua kuzunguka ziwa peke yake ili atulize akili, na akaipiga picha safari hiyo. Jioni ya siku iliyofuata video ilikuwa mtandaoni, imeitwa *Mimi na Ziwa, Wawili Tu*. Watu wakamwaga mioyo myekundu. Inspekta aliitazama mara nyingi kuliko shabiki yeyote.

Walipita njia panda. Palikuwa na kituo cha mafuta, kibanda cha vocha, mbwa amelala.

"Hapa ndipo nilipomwacha," alisema Bwana Mandhari, sauti ikashuka kidogo, kwa kiasi kinachofaa.

"Na mkoba," alisema Inspekta.

"Na mkoba wake mdogo, ndiyo."

"Muongo," alisema mama kutoka nyuma. "Alinipigia simu asubuhi. Kasema mama nakuja na vitu vyangu vyote. Kasema nakuja na sanduku, ile nyekundu, yangu, niliyompa alipoolewa. Mtu na vitu vyake vyote anavitia kwenye mkoba mdogo?"

"Mama, sanduku *lile*. Nalo lilikatika mpini zamani, tukalitupa. Nimeshaeleza kituoni." Alipumua kama mtu anayebeba mzigo wa wajinga. "Ninamwelewa, Inspekta. Ni uchungu wa mzazi."

"Endesha," alisema Inspekta.

Baada ya vilima viwili ziwa likatokea upande wa kushoto, likamnyamazisha kila mtu isipokuwa mwenye gari. Lilikuwa zuri, hilo halikuwa na ubishi. Milima ilikuwa imelizunguka pande zote, theluji kidogo kwenye vilele, na maji safi kiasi kwamba ukingoni ulihesabu kokoto. Mashua ya mvuvi ilisimama juu ya kivuli chake yenyewe chini kabisa, kama imetundikwa hewani. Barabara ilikata mwambani, kona baada ya kona, ukuta wa jiwe upande mmoja na kitalu, kizuizi kifupi cha mawe, upande wa maji.

"Na sasa, wapenzi," alianza Bwana Mandhari, mkono mmoja ukiacha usukani kupaa hewani, "tunaingia katika shingo ya swala. Mimi ndiye niliyeipa jina hilo. Tazameni jinsi maji yanavyobadilika, kutoka kijani cha chupa kuingia bluu ya..."

"Siku ile uliyasema haya?"

"Haya haya. Kila kona ina maneno yake. Watu wanayajua kwa moyo."

"Kwa nani? Ulikuwa peke yako."

"Kwa kamera."

"Nani alikuwa ameishika?"

"Stendi. Hapa mbele, kwenye dashibodi."

"Stendi hiyo inageuka kutazama dirisha la kushoto?"

"Inageuka."

"Inakutazama usoni, inarudi ziwani, inainama kutazama maji, yenyewe?"

"Ni ya kisasa." Alicheka. "Nimeisahau nyumbani, samahani. Ningekuonyesha."

"Usijali. Askari wangu wako nyumbani kwako hivi sasa, nao watanionyesha."

Kicheko kilikauka. Kikarudi, lakini kimepungua. Inspekta akajipa raha ndogo ya kutazama nje. Huyu mtu alikuwa ameposti ushahidi dhidi yake mwenyewe kwa sababu hakuvumilia picha nzuri kupotea, na watu maelfu wakaupigia makofi, na Mkuu wa Kituo akamlaza nao mkewe.

Gari likaendelea, na maneno nayo. Kona ya Bibi Harusi, kwa sababu ukungu hukaa hapo kama shela. Kona ya Kitabu, kwa sababu miamba imepangana kama kurasa. Kila jambo lilikuwa "kana kwamba" na "mithili ya." Aliwaonyesha mti uliopigwa na radi, akawaonyesha jabali lenye sura ya ng'ombe, halikuwa na sura ya ng'ombe. Nyuma, mama alikuwa amefungua mfuko.

"Baridi imeanza," alisema. "Si niliwaambia? Sweta yake ningemletea mapema, asingekuwa..."

"Sweta *lake*, mama," alisema Bwana Mandhari, kwa upole, macho barabarani. Hakuweza kujizuia, kama mtu mwenye chafya.

Inspekta alimwona mama kwenye kioo akiikunja ile sweta upya, mkono juu ya mkono, anaikandamiza kifuani. *Ngoja wewe*, Inspekta alijiambia. *Ngoja tu.*

Kisha wakapita alama ya barabarani ya mawe yanayoporomoka, ya njano, imepinda, na Bwana Mandhari akaacha kuongea.

Hakuacha ghafla. Alimaliza sentensi. Ila hakuanza nyingine. Mikono yote miwili ikarudi kwenye usukani, shingo ikanyooka ndani ya skafu. Kushoto mwamba uliachia nafasi pana kidogo, ya gari moja kupumzika, na chini yake ziwa lilikuwa wazi kuliko kote walikopita. Hapakuwa na mahali pazuri zaidi katika njia nzima. Mtu aliyemwagia mashairi jabali lisilo na sura ya ng'ombe alipita hapo mdomo umebanwa.

Inspekta alikuwa akiingoja. Katika video ile, kona zote zilikuwamo isipokuwa hii. Kabla yake picha ilicheza, ikafuata maji, ikamtazama dereva, jua la asubuhi. Baada yake picha ilikuwa imekodoa macho mbele, haitikisiki, na vivuli vya miti vimelala barabarani kwa urefu wa jioni. Katikati palikuwa na mkato.

"Simama."

"Wapi? Hapa hapana kitu."

"Simama hapa pasipo na kitu."

"Nilikwambia sikusimama popote siku ile, na wewe ulisema..."

"Simamisha gari!"

Alisimamisha. Hakuegesha vizuri, tairi moja lilibaki juu ya mstari, yeye aliyeosha gari kila siku. Inspekta akashuka, akamfungulia mama, akavuka hadi kwenye kitalu cha mawe, akaegemea.

Jua lilikuwa utosini na liliingia majini moja kwa moja, bila kung'aa juu. Chini ya mwamba palikuwa na rafu ya mawe meupe, yote yanaonekana, hata gogo lililolala na samaki wadogo wanaolizunguka. Mbele ya rafu sakafu ilikatika, na hapo palikuwa na bluu nzito isiyo na mwisho. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Aliitazama rafu yote kipande kwa kipande. Hakuona kitu chochote. Mawe, gogo, samaki, basi.

Nyuma yake alisikia mlango wa gari ukifunguka, lakini hatua hazikufuata. Alifikiria wazamiaji na karata zao. Alifikiria benchi. Akainama zaidi, akaweka mkono juu ya macho.

"Ala!" alisema. "Kuna kitu kule chini."

Kitu. Alikuwa amelichagua neno hilo njiani, kama fundi anavyochagua ufunguo. Halina sura, halina rangi, halisemi kama ni mtu au kopo.

"Wapi?" Mama alikuwa tayari yuko kwenye kitalu, amening'inia mpaka Inspekta akamshika kiuno. "Kitu gani? Iko wapi? Mimi sioni! Nionyeshe, iko wapi?"

Mume hakuja. Alisimama nyuma ya mlango wa gari lake, miwani usoni, na akasema kwa sauti ya mtu anayemrekebisha mtoto, "Haliwezi kuonekana kutoka hapo."

Upepo ulipiga. Inspekta hakugeuka mara moja.

"Nini?" aliuliza.

"Eeh?"

"Nini haliwezi kuonekana?"

"Hicho... unachosema umekiona. Hicho kitu."

"Kitu *hakiwezi* kuonekana. Mimi nimesema kitu. Wewe umesema *haliwezi*."

"Jamani, Inspekta." Alivua miwani, akaivaa tena. "Ulimi umeteleza. Tutashikana kwa li na ki, hapa?"

"Wewe ulimi unateleza? Umemsahihisha mama huyu tangu getini. Gari lako, si gari yako. Sweta lake, si sweta yake. Hukumwachia hata moja, mzee wa watu ana mtoto aliyepotea na hukumwachia hata moja." Sasa aligeuka. "Hebu niambie. Nini haliwezi?"

"Ziwa. Nilikuwa nasema ziwa."

"Ziwa haliwezi kuonekana."

"Ndiyo. Namaanisha, kina chake..."

"Kina *hakiwezi*. Umerudi kwenye ki. Ziwa lile pale, mbele ya pua yako, milima mpaka milima. Ndilo halionekani?"

"Jiwe! Nilidhani umesema jiwe."

"Mawe yote yanaonekana. Mpaka kokoto."

Alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Inspekta amfahamu, haikutoka mithili ya chochote.

"Sanduku," alisema mama.

Alisema polepole, akimtazama mkwewe. Alikuwa amekiacha kile kitalu na kusimama wima, mfuko umening'inia mkononi. "Sanduku haliwezi kuonekana. Hivyo ndivyo unavyosemaga wewe. Mimi ningesema haiwezi."

"Na ungesema hivyo, bwana," alisema Inspekta, "ungesema *haiwezi* kama sisi wengine tukiwa na haraka, ningeshika wapi? *Haiwezi* ni simu, ni nguo, ni gari ya mtu yeyote. Ningerudi kituoni na aibu yangu. Lakini wewe ni fasaha." Alitoa pingu. "Lilitupwa zamani, limekatika mpini. Limefikaje ziwani? Una haki ya kunyamaza. Ukiongea nitayachukua utakayosema."

Alikuwa na haki ya kunyamaza, na mtu mwingine angeitumia. Lakini huyu alikuwa amelipwa sifa maisha yake yote kwa kuongea, na kimya chake chote kilikuwa kimeishia kwenye kona hii hii.

"Mimi sikumsukuma," alisema. "Muandike hivyo. Sikumgusa."

"Endelea."

"Nilimwomba video moja ya mwisho. Moja tu, anishikie kamera, kisha nimpeleke kwa mama yake. Akakubali. Tumefika hapa, mahali pazuri kuliko pote, naongea, yeye akaweka kamera chini. Akasema amechoka kunisikia." Hata sasa uso wake ulionyesha kwamba hajamsamehe. "Amechoka kunisikia! Akasema fungua buti, nishuke na sanduku langu, nitapata gari. Nikafungua. Nikasema unalitaka? Haya. Nikalinyanyua nikalirusha. Ili ajue. Sasa yeye kwa nini alishika mpini? Sanduku lile zito, linakwenda, mtu mwenye akili si anaachia? Yeye akashika."

"Ilikuwa yangu," alisema mama. "Nilimwambia aitunze."



"Halafu?" alisema Inspekta.

"Halafu... nikasubiri."

"Ukasubiri nini? Watu? Mashua?"

"Maji yatulie."

"Ili umwone umsaidie?"

Bwana Mandhari alitazama viatu vyake. Vilikuwa vyeupe. "Ili nione kama linaonekana," alisema. "Nilikaa mpaka jua likageuka. Niliangalia kila upande. Halionekani. Limevuka rafu."

Basi ndiyo asubuhi iliyogeuka jioni kwenye video. Inspekta alikuwa amekutana na wauaji wengi, wengine walevi, wengine wamepandwa na wazimu wa dakika moja na wanaulilia mpaka leo. Hakuwahi kukutana na mtu aliyeketi juu ya maji mchana kutwa kukagua kazi yake, kisha akaweka kamera kwenye dashibodi na kuwaambia wapenzi wake kuhusu machweo. Alimfunga pingu kwa nguvu kuliko kanuni inavyosema na hakujuta.

"Aliita?" aliuliza mama.

"Mama, mimi..."

"Nimekuuliza. Mwanangu hajui kuogelea. Aliita?"

"Kidogo," alisema.

Mama alimtazama. Inspekta alidhani atampiga, na alikuwa amekwisha kuamua kutazama mlimani wakati huo. Lakini mama alisema tu, "Njia nzima umeongea. Hapa umeona la kusema ni hilo," akampa kisogo.

Inspekta alimfungia mtu wake kwenye kiti cha nyuma, akachukua ufunguo, akasogea mbali kidogo kupiga simu.

"Niletee wazamiaji. Baada ya alama ya njano iliyopinda, ile ya mawe. Mbele ya rafu, si juu yake."

"Una sababu?" alisema Mkuu.

"Amekiri."

"Nani? Yule mstaarabu?" Kiti kililia chini yake. "Sasa mimi nyumbani nitasema nini?"

"Mwambie mkeo atafute kitu kingine cha kulalia," alisema Inspekta, akakata.

Walikuja mchana huo huo, kwa lori na mashua ya mpira, watu wanne wenye mikono ya kucheza karata, na kazi walipoianza waliifanya vizuri. Askari kijana alikuja nao kuandika. Inspekta alimwomba mama akae ndani ya lori, wapate kufanya kazi. Mama alikataa. Maji ya baridi namna ile hayarudishi mtu juu, mzamiaji mkubwa alieleza, kwa hiyo kama yupo atakuwa palepale, na mama akasema asante, kama ameambiwa habari njema.

Sanduku lilitangulia. Lilikuwa jekundu, limefungwa vizuri, mpini mzima. Mzamiaji aliliweka kwenye mashua, akainua kidole kimoja kuonyesha kwamba bado, akageuka kushuka tena.

"Wewe, baba!" Mama alikuwa ameshuka kwenye njia ya mawe mpaka karibu na maji, hakuna aliyemwona alivyoshuka. Alinyoosha ile sweta. "Chukua. Mvalishe huko huko, kabla hujamleta juu. Akitoka tu upepo utampiga."

Mzamiaji alimtazama Inspekta. Inspekta aliitikia kwa kichwa. Yule mtu akapokea, akaiweka kifuani ndani ya kamba zake, akazama nayo.

Jioni, kituoni, askari kijana alileta ripoti mezani. Ilikuwa na makosa kama kawaida. Inspekta alitoa kofia ya kalamu nyekundu, akaanza. *Sanduku imepatikana* akafanya *limepatikana*. *Mashua kilifika* akafanya *ilifika*. Ukurasa wa pili, karibu na mwisho, kijana alikuwa ameandika: *Mwili ulitolewa majini ukiwa umevaa sweta yake ya bluu.*

Kalamu ilisimama juu ya neno *yake*. Kijana aliingoja.

Bi Sarufi aliirudishia kalamu kofia yake, akatia sahihi kwa ile nyeusi, akamwambia aipeleke kwa Mkuu ikiwa hivyo hivyo.